Barabara ya Pugu na Mwalimu Aliyeandika

Paukwa!

Pakawa!

Haya, wanangu. Wa Kisarawe, sogeeni. Wa Kibaha, sogeeni. Leo nina hadithi ya mtu ambaye sura yake mnaijua. Yumo kwenye noti ya shilingi 1,000. Uwanja wa ndege wa Dar es Salaam una jina lake. Kila tarehe 14 Oktoba tunapumzika kwa kumkumbuka. Mmeshamtambua? Naam, ni Mwalimu Julius Kambarage Nyerere.

Mnajua kwamba alikuwa Rais wetu wa kwanza. Hilo hata mdogo wenu wa chekechea atawaambia. Basi leo tumwache Rais apumzike. Leo nawasimulia habari za mwandishi.

"Kwani Mjomba, Nyerere alikuwa mwandishi?"

Ahaa! Swali limekuja mapema, nami nimelipenda. Ndiyo, alikuwa mwandishi. Aliandika insha na vijitabu. Aliandika hotuba na tenzi. Alifasiri tamthilia kwa Kiswahili. Aliandika kabla hajaingia Ikulu, akaandika akiwa Ikulu, akaandika hata baada ya kutoka Ikulu. Na sehemu moja kubwa ya safari yake ilipita hapa hapa kwetu, kwenye vilima vya Pugu, mlangoni mwa Kisarawe.

Sasa nani atusimulie? Wazee waliomwona wanazidi kupungua. Nimemtafuta shahidi ambaye hajahama wala hajasafiri. Shahidi huyo ni barabara. Nyamazeni kidogo, inataka kusema.

"Mimi ni Barabara ya Pugu. Nimeanzia mjini, karibu na Kariakoo. Napita Tazara, napita uwanja wa ndege, napita Gongo la Mboto. Napanda vilima vya Pugu, natokea Kisarawe. Leo nina lami, na daladala zinapishana juu yangu tangu alfajiri. Zamani nilikuwa vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika. Miguu sina, lakini nimebeba miguu ya watu wengi.

"Mwaka 1953 nilimbeba kijana mmoja mwembamba, mwenye miaka 30 na ushei. Alikuwa ametoka masomoni Edinburgh, huko Scotland. Alikuja kufundisha Pugu, katika shule ya Mtakatifu Fransisko. Mwaka huo huo alimwoa Bibi Maria Gabriel Magige. Mwaka huo huo akachaguliwa kuwa rais wa TAA, chama cha Waafrika wa Tanganyika.

"Siku za masomo alishika chaki. Siku za mapumziko alishuka mjini kwenye mikutano. Kutoka Pugu mpaka Kariakoo ni kama kilomita 20. Mara alikwenda kwa miguu, mara kwa chombo chochote alichopata. Akaenda, akarudi. Juma lililofuata, akaenda, akarudi. Mimi niliizoea miguu ile."

Ahsante, Barabara. Pumua kwanza. Mtoto mmoja ameinua mkono.

"Mjomba, alikwenda mjini kufanya nini, na hali wikiendi watu wanapumzika?"

Alikwenda kukutana na wenzake katika ofisi ndogo ya chama, kwenye mtaa ambao leo unaitwa Mtaa wa Lumumba. Wakati ule nchi yetu ilitawaliwa na Waingereza. Wenzake walitaka chama chenye nguvu zaidi. Lakini chama hakiendi kwa kelele tu. Chama kinahitaji katiba, yaani maandishi yanayosema sisi ni nani, tunataka nini, na tutakipataje. Lazima mtu aketi, ashike kalamu, apange maneno hayo moja baada ya jingine. Mwalimu wa Pugu aliishika kalamu hiyo. Tarehe 7 Julai 1954 TAA ikawa TANU.

Mnaona? Kabla ya bendera kulikuwa na karatasi. Kabla ya shangwe kulikuwa na mtu anayeandika, anakata, anaandika tena.

"Lakini Mjomba, kuandika alijifunzia wapi?"

Umeuliza vizuri. Anayeuliza habari za mto huuliza pia chemchemi yake iko wapi.

Kambarage alizaliwa Butiama mwaka 1922. Baba yake alikuwa Mtemi Burito Nyerere wa Wazanaki. Mama yake alikuwa Mugaya wa Nyang'ombe, mke wa tano wa mtemi. Nyumba ile ilikuwa kubwa, yenye wake wengi. Kambarage aliingia shule akiwa na miaka 12, huko Mwisenge, Musoma. Baadaye akaenda Tabora, kisha Makerere, Uganda.

Alipokuwa Makerere, bado kijana, aliandika insha ndefu. Unadhani aliandika juu ya nini? Juu ya magari? Juu ya vita? Hapana. Aliandika juu ya uhuru wa wanawake. Kijana aliyekulia katika boma la wake wengi aliona kazi walizozibeba mama zake, akaona jinsi walivyonyimwa sauti. Akauliza: kwa nini iwe hivi? Akatafuta jibu kwa kalamu. Insha ile ilikaa miaka mingi sana. Ilitoka kuwa kitabu mwaka 2009, miaka 10 baada ya yeye kufariki.

Hongera zako, binti unayetabasamu pale nyuma. Najua umefurahi. Mwandishi huyu hakuanza kwa kusifu wakubwa. Alianza kwa kuuliza juu ya watu wasiosikilizwa.

Haya Barabara, endelea.

"Mwezi Machi 1955 nilisikia habari kubwa. Mwalimu wangu anakwenda New York, kwenye Umoja wa Mataifa! Tanganyika ilikuwa imewekwa chini ya Uingereza kama dhamana, na Baraza la Udhamini la huko ndilo lililokuwa likiangalia dhamana hiyo. TANU ilitaka kusema: nchi hii ina wenyewe. Watu wakachanga nauli. Mwalimu akaandaa maneno yake. Akaenda, akasema, akarudi.

"Aliporudi Pugu, shuleni wakamwambia achague moja, kufundisha au siasa. Mshahara upo huku, na huko hakuna. Ana mke na watoto. Mnajua alichagua nini. Mwezi huo huo wa Machi alijiuzulu. Nikambeba mara ya mwisho akiwa mwalimu wa shule. Safari hiyo akaenda, hakurudi."

Usihuzunike, Barabara. Jina la Mwalimu alikwenda nalo, hata leo Watanzania wanamwita hivyo hivyo. Kwa muda alirudi kwao, akapata riziki kwa kumfundisha padri mmoja Kizanaki. Lugha ilikuwa shamba lake hata alipokosa mshahara.

Sasa sikilizeni sehemu ya kutisha kidogo. Msiogope, mimi nipo.

TANU ilikuwa na jarida dogo lililoitwa *Sauti ya TANU*. Mwalimu aliandika humo. Mwaka 1958 yalitoka humo maneno makali juu ya wakuu wa wilaya wa kikoloni, wale walioitwa Bwana Shauri. Yalisema kwamba baadhi yao wanawaonea wananchi. Serikali ya kikoloni ikakasirika. Mwalimu akapelekwa mahakamani Dar es Salaam kwa kosa la kukashifu.

"Mjomba! Mtu anaweza kushtakiwa kwa kuandika?"

Anaweza, mwanangu. Maneno yana nguvu, na wenye mamlaka wanalijua hilo kuliko watu wote. Wakili maarufu kutoka Uingereza, D. N. Pritt, alikuja kumtetea. Mwezi Agosti hukumu ikatoka. Mwalimu ana hatia. Alipe faini ya shilingi 3,000, au aende jela miezi 6. Shilingi 3,000 za wakati ule zilikuwa fedha nyingi sana. Akalipa faini, akarudi kazini.

Naona kuna mtoto anataka kuuliza swali gumu. Uliza tu. Hapa maswali magumu ndiyo tunayoyapenda.

"Mjomba, yeye alipokuwa Rais, hakumfunga mtu yeyote kwa sababu ya maneno yake?"

Kweli wewe ni mtoto mwenye macho. Nitakujibu bila kuficha. Mwaka 1962 nchi yetu ilitunga sheria ya kumweka mtu kizuizini bila kesi mahakamani. Mwalimu mwenyewe, aliyewahi kupata wakili, hakimu na nafasi ya kujitetea, aliongoza serikali yenye sheria hiyo. Wapo watu waliokaa kizuizini bila kupata nafasi kama ile aliyoipata yeye. Nawaambia hili kwa sababu nampenda Mwalimu, na ninawapenda nyinyi. Anayempenda mtu husimulia habari zake zote.

Haya, tusogee mbele. Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Mwalimu ndiye alikuwa Waziri Mkuu. Je, alikaa kitini kwa raha? Hata! Mwezi Januari 1962 alijiuzulu, akaenda kukijenga chama mikoani. Na akiwa nje ya serikali, aliandika kijitabu kiitwacho *Tujisahihishe*.

Ni kijitabu chembamba. Unaweza kukisoma kabla ubwabwa haujaiva jikoni. Humo anawaambia wanachama wenzake makosa yao. Anasema juu ya ubinafsi. Anasema juu ya viongozi wasiotaka kujielimisha. Na anasema jambo moja ambalo nataka mlishike vizuri. Anasema tuna tabia mbaya ya kumtazama anayesema badala ya kulipima lile lililosemwa. Rafiki yetu akisema jambo, tunapiga makofi hata kama halina maana. Tusiyempenda akisema jambo la kweli, tunalikataa.

Fikirini darasani kwenu. Mwanafunzi wa kwanza akijibu, wote mnasema, "Sawa kabisa!" Yule wa mwisho akijibu, mnacheka kabla hajamaliza. Lakini je, kama safari hii yule wa mwisho ndiye aliyepata? Mwandishi wetu anasema: pima neno lenyewe. Pima neno lenyewe.

Na tazameni kazi aliyoishika miaka hiyo hiyo. Alichukua tamthilia ya Mwingereza, William Shakespeare, iitwayo *Julius Caesar*, akaifasiri kwa Kiswahili. Ikachapishwa mwaka 1963, akiwa ameshakuwa Rais.

"Kufasiri ni nini, Mjomba? Ni kunakili?"

La, mwanangu. Nyinyi wa Kisarawe mnajua kupanda muhogo. Unakwenda shambani kwa jirani, unaomba shina la muhogo. Unakata pingili, unakwenda kuipanda kwenye udongo wako. Haitoki na majani ya kule. Inatoa majani mapya, inatia mizizi kwenye ardhi yako, inakunywa mvua yako. Lakini ukichimba, ni muhogo ule ule, na sasa unalisha watoto wako. Kufasiri ndiyo hivyo. Hadithi ya Roma ilikatwa kwenye Kiingereza, ikapandwa kwenye Kiswahili, ikaota.

Mwalimu alitaka watu waone kwamba Kiswahili kinaweza kubeba jambo lolote. Wapo waliodhani lugha yetu ni ya sokoni na ya jikoni tu. Yeye aliamini kwamba lugha hukua kwa kutumiwa. Usipoituma kazi nzito haitapata misuli.

Nitawaonjesha sehemu moja ya hadithi hiyo. Kaizari ameuawa. Mmoja wa waliomwua, Bruto, anatoka mbele ya watu. Anawaambia tumemwua kwa ajili ya uhuru wenu. Watu wanashangilia. "Bruto juu!" Halafu anapanda Antoni, rafiki wa Kaizari. Anasema polepole. Anawaonyesha joho la marehemu, lenye matundu ya majambia. Anawasomea wosia wake. Watu wale wale waliokuwa wakishangilia wanageuka! Wanakimbia na moto, wanakwenda kuchoma nyumba za kina Bruto. Njiani wanakutana na mshairi ambaye kwa bahati mbaya ana jina moja na mmoja wa wauaji. Anajitetea, "Mimi ni mshairi tu!" Hawamsikilizi. Wanamshambulia.

Watu walikuwa wale wale. Siku ilikuwa ile ile. Nani alipima neno? Hakuna. Kila mmoja alimfuata aliyesema mwisho.

Sasa mnaona kwa nini kiongozi wa nchi changa aliona hadithi hii inafaa kusomwa na watu wake? Nchi ilikuwa ndiyo kwanza imezaliwa. Watu walikuwa wanaipenda mikutano na hotuba. Mwandishi akawapa hadithi ya umati uliodanganyika, waisome kwa lugha yao wenyewe.

Na hapa panakuja jambo linalonifurahisha kuliko yote. Mwalimu aliitoa tafsiri mwaka 1963. Watu wakaisifu. Angeweza kusema, "Nimemaliza." Lakini akarudi kwenye kazi yake. Akaipitia upya, akairekebisha. Mwaka 1969 ikatoka upya, na hata jina la jaladani likawa limebadilika: *Juliasi Kaizari*. Mwaka huo huo akatoa na tafsiri nyingine ya Shakespeare, *Mabepari wa Venisi*, hadithi ya mkopo, ya mahakama, na ya mtu anayedai ratili ya nyama ya mwenzake.

Fikirini. Rais wa nchi, mwenye mikutano, mwenye wageni, mwenye matatizo ya watu wote. Bado anakaa na kitabu chake cha zamani, anatafuta palipokosewa. Wewe daftari lako la Kiswahili umelirudia lini?

Naona Barabara inanikonyeza. Sema.

"Nimechoka kusikia habari za Kisarawe na mjini tu. Ndugu yangu Barabara ya Morogoro naye anataka atajwe. Yeye ndiye anayepita Kibaha."

Haki yake. Sikieni basi, wa Kibaha.

Mwaka 1963 nchi 4 za kaskazini ya Ulaya, yaani Denmark, Finland, Norway na Sweden, zilikubaliana na serikali yetu kujenga kituo kikubwa cha elimu Kibaha. Pakajengwa shule ya sekondari, mahali pa kuwafundishia wakulima, na kituo cha afya pale Tumbi. Shabaha ilikuwa kupigana na maadui 3: ujinga, maradhi na umaskini. Mwaka 1970 kituo kikakabidhiwa kwetu. Ndicho hicho Kituo cha Elimu Kibaha mnachokijua.

Katikati ya miaka hiyo, mwaka 1967, kalamu ya Mwalimu ilifanya kazi sana. Mwezi Februari likatoka Azimio la Arusha. Likasema nchi yetu ifuate ujamaa na kujitegemea, na kiongozi asiwe mwenye kujilimbikizia mali. Mwezi Machi ukatoka waraka wa *Elimu ya Kujitegemea*. Humo mwalimu wa zamani wa Pugu aliuliza: shule ni ya nini? Je, ni ya kumtoa mtoto kijijini ili awadharau wazazi wake wakulima? Akajibu kwamba shule imwandae mtoto aishi na watu wake na kuwafaa. Akataka kila shule iwe na shamba au kazi ya mikono, wanafunzi wapange wenyewe, walime wenyewe, wajifunze kutokana na kazi hiyo.

"Kumbe yeye ndiye aliyetuletea majembe shuleni!"

Hahaha! Cheka, lakini usisahau. Alitaka jembe likufundishe kitu. Ukipewa jembe bila kuambiwa kwa nini mmea huu umekauka na ule umestawi, hapo waraka umesahauliwa.

Mwezi Septemba mwaka huo huo akaandika juu ya vijiji vya ujamaa. Aliandika kwamba watu waishi na kulima pamoja kwa hiari yao, wasilazimishwe. Hebu lishikeni neno hilo, wasilazimishwe. Maana miaka michache baadaye, katikati ya miaka ya 1970, serikali yake iliwahamisha watu wengi sana kwenda vijijini. Mahali pengi walihamishwa kwa nguvu, na nyumba nyingine zilichomwa. Kitabu kilisema hiari. Amri ikasema leo leo.

"Mjomba, kwa hiyo aliandika uongo?"

Hapana, mwanangu, lakini swali lako ni zito, usiliache. Aliandika jambo jema, na serikali yake ikatenda kinyume chake. Waliochomewa nyumba walilala nje, na maandishi mazuri hayakuwafunika baridi. Ndiyo maana msomaji mwema anasoma kitabu kwa jicho moja, na jicho la pili analiweka kwenye yale yaliyotendeka.

Mwandishi naye aliyarudia maandishi yake. Mwaka 1977, Azimio lilipofikisha miaka 10, aliandika taarifa ya kulipima. Wakubwa wengi wangeandika, "Tumeshinda." Yeye aliandika mazuri yaliyopatikana katika elimu na afya, kisha akaeleza mapungufu. Akakiri kwamba Tanzania bado si ya kijamaa, na bado haijitegemei. Mwenye Azimio lake ndiye aliyesema hivyo! Hakusema yote ambayo wengine wangetaka ayaseme. Lakini alirudi kwenye daftari lake mbele ya nchi nzima, akaweka alama nyekundu.

Mwaka 1985 aliondoka Ikulu kwa hiari. Je, aliiweka kalamu kabatini? Hata kidogo. Miaka ya 1990 alipoona viongozi wanauyumbisha Muungano wa Tanganyika na Zanzibar, aliandika kijitabu *Uongozi Wetu na Hatima ya Tanzania*, akawakosoa waziwazi, wakiwemo wa chama chake mwenyewe. Na uzeeni akafanya kazi ya subira kubwa. Alizitia Injili na Matendo ya Mitume katika tenzi za Kiswahili, beti kwa beti, mizani kwa mizani, vina kwa vina. Zilichapishwa mwaka 1996.

Mmewahi kutunga ubeti mmoja wa utenzi? Jaribuni leo. Mistari minne, mizani nane kila mstari. Vina vya mistari mitatu ya kwanza vifanane, na mstari wa nne ushike kina kitakachorudi katika kila ubeti. Mkimaliza mmoja mtajua mzee yule alikuwa na uvumilivu gani.

Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, akazikwa kwao Butiama.

Barabara inataka kumalizia sehemu yake.

"Mimi neno langu ni fupi. Sehemu yangu kubwa ya mjini sasa inaitwa Barabara ya Nyerere. Miguu niliyoizoea imenipa jina."

Na Kibaha nako, pale Kwa Mfipa, ipo Shule ya Uongozi ya Mwalimu Julius Nyerere. Ilifunguliwa mwaka 2022. Ni ya vyama 6 vilivyoongoza mapambano ya uhuru katika nchi za kusini mwa Afrika pamoja na hapa kwetu. Kwa hiyo jina lake liko pande zote mbili, kwenye njia ya Kisarawe na kwenye njia ya Kibaha.

Jina limeandikwa ukutani na njiani. Ni vizuri, nami ninafurahi kila nikiliona. Lakini mwandishi hakumbukwi kwa jina tu. Mwandishi hukumbukwa kwa kusomwa.

Kwa hiyo nawapa kazi, na najua mtaiweza kwa sababu mmeniuliza maswali mazuri kutwa nzima. Nendeni maktaba, au mwombeni mwalimu wenu. Tafuteni *Tujisahihishe*, au *Elimu ya Kujitegemea*. Chagueni ukurasa mmoja tu. Usomeni kwa sauti, wawili wawili. Kisha mjiulize: hili alilolisema ni kweli? Lilikuwa kweli wakati ule? Ni kweli leo, hapa Kisarawe, hapa Kibaha?

"Na tukiona amekosea, Mjomba? Tutamkosoa Mwalimu?"

Mtamkosoa, wanangu, kwa adabu na kwa hoja. Yeye mwenyewe ndiye aliyewaandikia kwamba msimtazame anayesema, mpime linalosemwa. Hakuandika, "Isipokuwa mimi." Mkikubaliana naye kwa sababu ni Baba wa Taifa tu, mtakuwa kama wale watu wa Roma, waliomshangilia kila aliyepanda jukwaani. Mkimsoma, mkampima, mkakubali penye haki na kukataa palipokosewa, hapo mtakuwa wanafunzi wake kweli.

Kisha andikeni jibu lenu kwenye daftari, mtie na tarehe. Mwakani mlifungue tena. Mtaona mahali mlipokosea, kwa sababu mtakuwa mmekua. Msione haya. Kateni, sahihisheni, andikeni upya.